UZI: "Eneo halina watu." Majaribio ya nyuklia ya Uingereza, ndege za Eastleigh, na maswali matatu ya kuuliza kabla ya mkataba wowote wa kijeshi

1/ Kila mjadala wa kambi za kijeshi za wageni ukiwaka hapa, tunagawanyika pande mbili. Wa kwanza: "Wanaleta pesa Nanyuki, waacheni." Wa pili: "Huo ni ukoloni, waende kwao." Tunatukanana mpaka usiku wa manane, kesho yake mada ni bei ya unga. Leo nataka tuongee swali la tatu, ambalo halina mwenyewe: mtu akisema "tumezingatia taratibu zote za usalama", anamaanisha usalama wa nani? Na ni nani aliyepima?

2/ Nasoma sayansi ya siasa, naishi Ziwani. Muhula huu nimekuwa nikisoma jinsi Uingereza ilivyojaribu mabomu yake ya nyuklia kati ya 1952 na 1958. Utauliza, hiyo inatuhusu nini sisi wa Eastlands? Inatuhusu kuliko unavyodhani. Kanuni za uzi ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Tunajadili jambo, hatujadili mtu.

3/ Kwanza msingi. Wakati wa Vita vya Pili, wanasayansi wa Uingereza walishirikiana na Marekani kutengeneza bomu la atomiki. Mwaka wa 1946 Marekani ikapitisha sheria ya kufunga siri hizo, hata kwa mshirika wake. Uingereza ikaamua kujitengenezea la kwake. Shida ikawa moja: utalilipulia wapi? Nyumbani ni kisiwa kidogo kilichojaa watu. Kwa hivyo wakaangalia ramani ya himaya na kutafuta mahali "pasipo na watu". Shikilia maneno hayo matatu, tutayarudia.

4/ Hesabu kamili: majaribio 21 ya angani, ardhini na majini. 12 yalifanywa Australia (visiwa vya Monte Bello, Emu Field na Maralinga) na 9 katika bahari ya Pasifiki (Malden na Christmas Island, ambavyo leo viko nchi ya Kiribati). Baada ya hapo Uingereza ilihamia chini ya ardhi, kule Nevada, pamoja na Marekani. Kwenye yale 21 walihusika wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 20,000, pamoja na wa Australia, New Zealand na Fiji.

5/ La kwanza lilikuwa 3 Oktoba 1952. Bomu lilifungwa ndani ya manowari, HMS Plym, iliyotia nanga karibu na kisiwa cha Trimouille. Kwa nini ndani ya meli? Kwa sababu hofu ya London wakati huo ilikuwa adui kuingiza bomu bandarini kwa siri ndani ya meli ya kawaida. Meli za kivita zilisafirisha watu na vifaa kutoka Uingereza hadi pwani ya magharibi ya Australia. Plutoniamu yenyewe ilisafiri peke yake kwa ndege hadi Singapore, kisha ikamaliziwa safari na ndege ya kutua majini. Mlipuko ulikuwa wa kilotani 25. HMS Plym karibu yote ikageuka mvuke.

6/ Visiwa vilikuwa na shida ya upepo na usafiri, kwa hivyo mwaka uliofuata wakaenda bara, Emu Field, jangwani. Huko nako maji shida, barabara hakuna. Ndipo ikajengwa Maralinga, ambayo ilikuwa kama mji: uwanja wa ndege, maabara, nyumba, hata bwawa la kuogelea, na reli ya kuvuka bara haiko mbali. Mabomu makubwa saba yalilipuliwa hapo, manne 1956 na matatu 1957.

7/ Sasa usalama. Nitasema ukweli: ukisoma taratibu zenyewe, si za kijinga. Wataalamu wa hali ya hewa walipima upepo kabla ya mlipuko. Kulikuwa na mipaka ya maeneo machafu na masafi. Watu wa kuingia eneo chafu walivaa nguo maalum na beji yenye filamu ya kupima mionzi. Wakitoka, wanavua, wanaoga, wanapimwa, na kama bado kuna mionzi wanarudi kuoga tena. Wanajeshi waliotazama mlipuko waliambiwa wageuze mgongo, wafumbe macho na wayafunike kwa mikono.

8/ Kwa hivyo ile hoja ya "wakati huo watu hawakujua madhara" haisimami. Kwani unajengea bafu hatari usiyoijua? Unamfunga mtu beji ya kupima kitu usichokiamini? Hiroshima ilikuwa 1945. Bafu zile na beji zile ndizo ushahidi kwamba walijua. Swali si kama walijua. Swali ni kwamba ujuzi huo ulimfikia nani, na ukaishia kwa nani.

9/ SWALI LA KWANZA: NANI ANAHESABIWA?

Ardhi ya Maralinga haikuwa tupu. Ilikuwa ya wenyeji asilia wa Australia, watu waliotembea humo kufuata maji, chakula na mila zao kwa maelfu ya miaka. Kazi ya kuhakikisha hakuna mtu aliyebaki ilipewa afisa wa doria mmoja, Walter MacDougall, baadaye akaongezewa mwenzake. Watu wawili, maelfu kwa maelfu ya kilomita za mraba. Jaribu kufikiria watu wawili wametumwa na gari kuhakikisha hakuna mfugaji hata mmoja kuanzia Isiolo hadi Moyale.

10/ MacDougall alilalamika. Alijua nchi ile, alijua watu wanapita. Jibu lililoandikwa na mwanasayansi mkuu wa idara iliyosimamia mambo hayo, mwaka wa 1956, lilikuwa kwamba afisa huyo anaweka mambo ya wenyeji wachache mbele ya mambo ya Jumuiya nzima ya mataifa ya Uingereza. Huyo hakuwa mlevi wa baa akiropoka. Ni barua ya ofisi.

11/ Mfano wa matokeo. 15 Oktoba 1953, Emu Field, jaribio la kwanza la pale. Wenyeji wa Wallatinna walisimulia wingu jeusi lililokuja chini chini, likapita juu ya kambi yao, watu wakatapika, ngozi zikawasha, macho yakauma. Kwa miaka wakaonekana wanatunga. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyokaa 1984 hadi 1985, ilikuta kwamba bomu lile lililipuliwa wakati upepo haukufaa, na kwamba watu wa Wallatinna hawakuwekwa kwenye hesabu. Yami Lester alikuwa mtoto siku ile. Baadaye akawa kipofu, na akatumia utu uzima wake kudai uchunguzi huo ufanyike.

12/ Mfano mwingine. Mei 1957, wanajeshi wanakuta familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, wamepiga kambi kando ya shimo la bomu lililolipuliwa hapo miezi saba kabla. Walikuwa wanatembea njia zao za kawaida. Wakapelekwa kuoshwa kwenye zile bafu, mbwa wao wakapigwa risasi, wakapakiwa garini na kupelekwa Yalata, mbali kabisa kusini. Mama alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa amekufa. Wanajeshi walioona wakaambiwa wanyamaze.

13/ Ati kulikuwa na mabango ya onyo? Yalikuwepo. Yameandikwa Kiingereza. Familia ile haikujua Kiingereza. Kwenye faili, onyo limetolewa. Hapo ndipo nataka tuelewane: taratibu ya usalama inaweza kutimizwa yote kwenye karatasi na mtu bado akalala ndani ya shimo la bomu. Kwa sababu karatasi iliandikwa bila yeye.

14/ Kama unadhani hilo ni la mbali, njoo kwetu. Ziwani iko pua na mdomo na Kariokor. Jina Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi Waafrika waliobeba vita vya 1914 hadi 1918 mabegani. Barabara hazikuwepo, mbung'o wanaua wanyama, kwa hivyo lori lilikuwa mtu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina, na wengine hawakuwekewa kabisa. Kutohesabiwa si jambo la Australia pekee. Sisi tunashukia stendi yenye jina hilo.

15/ Sasa ndege. Kambi ya jeshi la anga iliyo Eastleigh, ambayo leo ni Moi Air Base, ilikuwa RAF Eastleigh. Kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi katikati ya 1955, ndege nzito za kudondosha mabomu aina ya Lincoln ziliruka kutoka hapo kwenda kupiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau. Vikosi vilibadilishana zamu. Kimojawapo kilikuwa Kikosi nambari 49, kilichofika Novemba 1953.

16/ Kikosi nambari 49 kilivunjwa 1955, kikaundwa upya 1956 na ndege mpya za Valiant. 11 Oktoba 1956, ndege ya kikosi hicho ikadondosha Maralinga bomu la kwanza la nyuklia la Uingereza kudondoshwa kutoka angani. 15 Mei 1957, kikosi hicho hicho kikadondosha Malden bomu la kwanza la mfululizo wa majaribio ya haidrojeni. Sisemi ni marubani wale wale. Nasema ni nambari ile ile, jeshi lile lile, na ndani ya miaka mitatu limetoka kuruka juu ya mapaa ya Eastlands hadi kuruka juu ya Maralinga.

17/ Na si ndege tu. Angalia maneno. Aberdare na Mlima Kenya vilitangazwa "eneo la marufuku": ukipatikana ndani, unaweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ardhi ya majaribio kule Australia nayo ilitangazwa eneo la marufuku. Neno hilo lina uchawi wake. Ukishalitamka, aliye ndani si mkazi tena, ni mkosaji. Hakuna haja ya kumhesabu, maana kisheria hayupo. Yule anayechuma asali msituni na yule anayefuata kisima jangwani, wote wawili wanakuwa kosa kwenye ramani ya mtu mwingine.

18/ Twende Pasifiki tuone jinsi ratiba na bajeti zinavyokula usalama. Mabomu matatu ya kwanza, 1957, yalilipuliwa Malden, mamia ya kilomita kutoka kambi kuu ya Christmas Island. Lakini kupeleka kila kitu Malden kulichukua muda na pesa, na London ilikuwa mbioni kwa sababu marufuku ya kimataifa ya majaribio ilinukia. Kwa hivyo lililofuata, 8 Novemba 1957, likalipuliwa karibu na Christmas Island penyewe, ambapo wanajeshi waliishi. Walitarajia megatani 1. Ikatoka 1.8. Majengo kadhaa ya kambi yakaharibika. 28 Aprili 1958 likaja la megatani karibu 3, kubwa kuliko yote ambayo Uingereza imewahi kulipua.

19/ Kwenye kisiwa kulikuwa pia na familia za wafanyakazi wa shamba la minazi. Kwa baadhi ya milipuko walipandishwa melini. Kwa mingine walikusanywa kijijini, wakafunikwa. Wanajeshi wengi wa kawaida hawakupewa beji za kupima mionzi, kwa maelezo kwamba hawakuwa kwenye kazi ya hatari. Fikiria mantiki hiyo: tumeamua huwezi kudhurika, kwa hivyo hatukupimi, na kwa kuwa hatukukupima, hakuna ushahidi kwamba ulidhurika. Mduara umefungwa.

20/ SWALI LA PILI: NANI ANAPIMA, NA KARATASI ZINAKAA WAPI?

Miaka ikapita, wale wanajeshi wakaanza kuugua na kudai. Kesi yao ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Machi 2012 wakashindwa, majaji wanne kwa watatu. Sababu kubwa ilikuwa muda: mmechelewa kushtaki. Na hata mkiruhusiwa, ushahidi wa kuunganisha ugonjwa na mionzi uko wapi? Mpaka leo maveterani hao na familia zao wanadai rekodi zao wenyewe za vipimo vya damu na mkojo.

21/ Mwaka huo huo, Oktoba 2012, London hiyo hiyo, wazee watatu wa Kenya walioteswa kwenye kambi za kizuizini wakashinda hoja hiyo hiyo ya muda katika Mahakama Kuu. Tofauti ilikuwa nini? Karatasi. Maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park kwa miongo mingi, na kesi hii ikayatoa. Jaji akaona nyaraka zinatosha kesi kusikilizwa kwa haki hata baada ya nusu karne. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

22/ Lakini usishangilie bado. Kesi nyingine ya Wakenya wapatao 40,000 ilifuata, na mwaka wa 2018 ikatupwa. Muda tena. Somo ni lile lile pande zote mbili: uchungu wako hausikilizwi kortini kwa kuwa ni mkali. Unasikilizwa kwa kuwa kuna faili. Na kama aliyekuumiza ndiye mtunza faili, basi yeye ndiye anaamua lini utakuwa na kesi. Fiji ilichoka kungoja: mwaka wa 2015 serikali yake ikaamua kuwalipa maveterani wake wa Christmas Island kutoka mfuko wake yenyewe.

23/ SWALI LA TATU: NANI ANASAFISHA, NA NANI ANASAINI KWAMBA PAMESAFISHIKA?

Hapa ndipo patamu. Kando ya yale mabomu makubwa, Maralinga ilikuwa na majaribio yaliyoitwa "madogo", hadi 1963. Kwenye mengine walilipua plutoniamu kwa baruti za kawaida kuona bomu likipata ajali linafanyaje. Kilo takriban 22 za plutoniamu zikatapakaa eneo la Taranaki. Hapakuwa na wingu la uyoga, wala picha ya gazetini. Yale "madogo" ndiyo yaliyochafua udongo kwa muda mrefu kuliko yale makubwa.

24/ Mwaka wa 1967 wanajeshi wa Uingereza walirudi kusafisha. Walilima udongo wa juu ili vumbi lichanganyike chini, wakafukia mashimo, wakayafunika kwa saruji. Ripoti ikaandikwa kwamba kazi imekwisha. Mwaka wa 1968 Australia ikasaini makubaliano ya kuiachilia Uingereza madai. Kwa lugha ya mtaa: mkopo umefutwa, deni halipo.

25/ Mwaka wa 1984 wanasayansi wa Australia wakaenda kupima wenyewe. Wakakuta vipande vyenye plutoniamu vimelala juu ya ardhi, vingi, pale ambapo karatasi ilisema ni safi. Na mtu aliyesaini ile karatasi ya 1968 alikuwa ameshatoa haki ya nchi yake. Usafishaji mpya ulifanywa 1995 hadi 2000 kwa gharama ya takriban dola milioni 108 za Australia. Uingereza ilichangia pauni milioni 20, na hilo baada ya mabishano marefu. Wenye ardhi walilipwa dola milioni 13.5 mwaka wa 1994.

26/ Rudi Kenya. Wanajeshi wa Uingereza wamefanya mazoezi maeneo ya Archer's Post na Dol Dol tangu baada ya uhuru. Hapo hakuna nyuklia, na sitaki mtu aseme nimefananisha ukubwa. Ni mabomu na risasi za kawaida. Lakini yasipolipuka yanabaki kwenye nyasi, na mchungaji mtoto akiokota kitu kinachong'aa hajui kama ni chuma chakavu au kifo. Wasamburu na Wamaasai waliuawa na kukatwa viungo. Mwaka wa 2002 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa waathiriwa zaidi ya 200.

27/ Na kumbuka hoja iliyotumika njiani: jeshi la Kenya pia hutumia viwanja hivyo, mtathibitishaje bomu ni letu? Hoja hiyo si ya kipuuzi, na jeshi letu pia lina wajibu wake. Lakini ona ilivyosimama. Ilisimama kwa sababu hakukuwa na daftari ambalo mwananchi angeweza kulifungua, linalosema nani alifyatua nini, lini, na mangapi hayakulipuka. Swali la pili na la tatu kwa pamoja.

28/ Machi 2021, moto ukazuka Lolldaiga, Laikipia, wakati wa mazoezi ya kikosi cha Uingereza, ukala maelfu ya ekari. Wakazi wakaenda mahakamani Nanyuki kudai moshi na uharibifu. Mwaka wa 2022 mahakama ikasema ina mamlaka ya kusikiliza. Mwaka wa 2025 yakafikiwa makubaliano ya malipo ya takriban pauni milioni 2.9 kwa watu zaidi ya 7,000. Gawanya mwenyewe uone kila mtu anabaki na ngapi. Halafu jiulize nani alipima moshi ule siku ile, kifua cha nani, na karatasi iko wapi.

29/ Kuna atakayesema Afrika haikuguswa na nyuklia. Iliguswa. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, Algeria, 13 Februari 1960, kilotani 70, na jumla ya majaribio 17 Sahara hadi 1966. Manne angani, 13 chini ya ardhi. Hata hilo la "chini ya ardhi ni salama" liliharibika: 1 Mei 1962, In Ekker, mlima ulipasuka na wingu la mionzi likawapitia watazamaji, mawaziri wawili wa Ufaransa wakiwemo. Hapo nao walisema jangwa halina watu.

30/ Ila Afrika haikukaa kimya. Ghana ilizuia mali za Ufaransa. Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi Januari 1961. Safari hiyo ndefu ilitufikisha Mkataba wa Pelindaba, unaofanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia: ulitiwa saini Cairo 11 Aprili 1996, ukaanza kufanya kazi 15 Julai 2009. Kwa hivyo mtu asikuambie mikataba ni karatasi tu. Karatasi ndiyo iliyoinyima Australia haki yake 1968, na karatasi ndiyo iliyoifungia bara hili mlango wa majaribio.

31/ Sasa hoja ya "wanaleta pesa". Ni kweli, kuna watu Nanyuki wanalisha watoto kwa kazi hizo, na siwezi kukaa Ziwani niwacheke. Lakini kazi na usalama havikinzani. Australia nayo ilipata barabara na mishahara. Kilichowaumiza si kupokea wageni. Kilichowaumiza ni kukubali mgeni awe mpimaji, mtunza rekodi na mtoa cheti cha usafi kwa wakati mmoja. Hata mwenye nyumba wako hakuachii upige hesabu ya stima peke yako.

32/ Na sisi tuna vifaa ambavyo wale wa 1957 hawakuwa navyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ni ya 2016. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Tuna sheria ya 2012 ya kutunga na kuidhinisha mikataba, inayopeleka mikataba kama ule wa ulinzi na Uingereza, uliosainiwa Julai 2021, mbele ya Bunge na maoni ya wananchi. Tatizo ni kwamba maoni yakiitishwa, tunaenda na "ndio" au "hapana". Hatuendi na maswali.

33/ Kwa hivyo haya hapa, yanakili, yapeleke kwenye kikao chochote cha maoni ya umma, awe mgeni ni Uingereza au nchi nyingine yoyote, au hata kiwanda hatari kinachotafuta uwanja:

Moja. Nani amehesabiwa kuwa yuko pale? Onyesheni ramani yenye njia za wafugaji, visima, shule, na lugha ya mabango.

Mbili. Nani anapima, na rekodi zinakaa wapi? Nakala ibaki Kenya, mahali ambapo raia anaweza kuiomba akapewa.

Tatu. Nani anasafisha, nani anakagua asiyelipwa na aliyechafua, na je, kuna kipengele kinachofuta madai ya baadaye? Kikiwepo, kisomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kusaini.

34/ Ukiona mkataba unajibu yote matatu wazi wazi, unga mkono, hata kama humpendi aliyeuleta. Ukiona haujibu hata moja, pinga, hata kama aliyeuleta ni wa upande wako. Familia ile ya watu wanne haikuumizwa na chuki ya mtu. Iliingia kwenye shimo la bomu kwa sababu fomu yote ilijazwa vizuri na hakuna aliyeuliza fomu imesahau nani.

35/ Mwisho wa uzi. Kama unatoka Samburu, Isiolo au Laikipia na una jambo la kuongeza, weka hapo chini, tutasoma. Mwenye matusi aendelee na safari yake.